UZI: Koili kwenye konveta za swichi. Tazama volti zilizo juu yake, mkondo utajieleza wenyewe

Mkondo_Mnyoofu:

Wakuu, salaam.

Swali la "niweke koili gani" linajirudia sana humu, na majibu mengi huishia "weka 33 µH" au "weka kubwa zaidi uwe salama". Majibu hayo hufanya kazi siku ambayo volti, masafa na mzigo vimekubaliana nayo kwa bahati. Siku visipokubaliana, mosfeti (transista inayofanya kazi ya swichi) inaungua na mtu anaanza kulaumu chipu. Nimeona ni bora tukae na koili yenyewe kidogo, tuelewe inafanya nini ndani ya mzunguko mmoja wa swichi. Ukishaliona hilo, kuchagua koili kunakuwa hesabu ya dakika chache.

Kauli inayovuruga watu ni "koili huzuia mkondo". Rezista ndiyo inayozuia mkondo. Koili haina ugomvi na mkondo hata kama ni ampea 10, ilimradi haubadiliki. Kinachogomewa ni badiliko la ghafla. Fikiria mkokoteni mzito: volti ndiyo nguvu ya kusukuma, mkondo ndiyo mwendo. Hauondoki ghafla, na ukishakolea mwendo hausimami ghafla.

Kwa hesabu: kasi ya mkondo kubadilika = V ÷ L, ambapo V ni volti zilizo juu ya koili na L ni ukubwa wa koili, ile namba ya µH (mikrohenri). Weka volti 7 kwenye koili ya 22 µH, mkondo utapanda kwa ampea 0.318 kila mikrosekunde. Ukiiwekea volti sifuri, mkondo unabaki pale pale ulipo (tukisahau ukinzani wa waya). Ukiigeuzia polariti, mkondo unashuka. Basi. Hakuna kingine kinachotokea kwenye konveta ambacho hakitoki hapo.

Tuchukue konveta ya kushusha, yaani saketi inayopunguza volti kwa kuwasha na kuzima swichi haraka, 12 V kwenda 5 V, masafa 150 kHz kama ya chipu ya LM2596. Mzunguko mmoja ni mikrosekunde 6.67. Swichi inapowaka, mguu mmoja wa koili uko kwenye 12 V na mwingine uko kwenye kapasita ya kutokea yenye 5 V. Kwa hiyo juu ya koili kuna volti 7, wala si 12. Watu wengi huteleza hapa: wanahesabu volti za kuingia badala ya tofauti kati ya miguu miwili ya koili.

Swichi inapozima, mkondo hauwezi kufa papo hapo. Koili inageuza polariti yake yenyewe, upande wa swichi unashuka chini ya sifuri kidogo, dayodi inafunguka, na mkondo unaendelea kuzunguka kupitia dayodi, koili na mzigo. Sasa juu ya koili kuna volti 5 kinyume (na ile ya dayodi, ambayo naiacha ili namba zisomeke). Mkondo unashuka.

Kama hali imetulia, mkondo uliopanda lazima ushuke kiasi kile kile kabla mzunguko mpya haujaanza, la sivyo ungepanda bila kikomo. Kwa hiyo 7 V × muda wa kuwaka = 5 V × muda wa kuzima. Ukitatua, muda wa kuwaka ni mikrosekunde 2.78 na wa kuzima ni 3.89. Gawanya 2.78 kwa 6.67 upate 0.417, ambayo ndiyo 5/12. Sehemu hiyo ya mzunguko ambayo swichi imewaka ndiyo huitwa D. Fomula ya "volti ya kutokea = D × volti ya kuingia" haikushuka kutoka mbinguni. Imetokana na koili kudai usawa wa volti na muda.

Angalieni kwamba L haimo kabisa kwenye usawa huo.

---

Kapasita_Kavu:

Mkuu, maelezo yameingia vizuri. Hapo mwisho ndipo umeniacha njia panda. Kama L haimo kwenye fomula, kwa nini nisiweke koili yoyote niliyo nayo kwenye droo? 5 V si itatoka tu?

---

Mkondo_Mnyoofu:

5 V itatoka, ndiyo. Ila itatoka juu ya mkondo wa sura tofauti.

Kwa 22 µH: 7 V × 2.78 ÷ 22 = ampea 0.88. Hicho ndicho kimo cha mawimbi ya mkondo, kutoka bonde hadi kilele. Mzigo ukivuta ampea 2, mkondo wa koili unacheza kati ya 1.56 na 2.44, wastani wake ukiwa 2 kamili. Wastani huo unaamuliwa na mzigo, si na koili. Ukiweka 10 µH, mawimbi yanakuwa karibu ampea 1.9 na kilele kinafika karibu 3. Ukiweka 100 µH, mawimbi yanabaki 0.19 tu.

Mawimbi makubwa maana yake mosfeti inazima ikiwa imebeba mkondo mkubwa, kapasita zinachemka zaidi, na kiini cha koili (kile kilichozungushiwa waya) kinapoteza nishati zaidi kwa sababu usumaku wake unapanda na kushuka kwa upana mkubwa. Kwa kawaida wabunifu hulenga mawimbi ya asilimia 20 hadi 40 ya mkondo wa mzigo kamili. 0.88 kwa mzigo wa 2 ni asilimia 44, imevuka kidogo. Mimi hapo ningeenda 33 µH, ambayo inatoa 0.59.

---

Kapasita_Kavu:

Basi si ndiyo yale yale ya "weka kubwa uwe salama"? 220 µH inatoa mawimbi madogo mno. Hasara yake ni ipi?

---

Mkondo_Mnyoofu:

Hasara ziko mbili, na ya kwanza wengi hawaioni kwa sababu haionekani kwenye multimita.

Mzigo ukiruka ghafla kutoka ampea 0.5 kwenda 2.5, tuseme prosesa imeamka, koili inatakiwa kuongeza ampea 2. Hata kontrola (sehemu inayoiamuru swichi) ikiacha swichi imewaka moja kwa moja, kasi ya juu kabisa ni 7 V ÷ L. Kwa 22 µH ni mikrosekunde 6.3. Kwa 220 µH ni mikrosekunde 63, na muda wote huo upungufu unafidiwa na kapasita ya kutokea. Volti inazama. Mzigo ukiondoka ghafla, kinyume chake: koili ina mkondo mwingi usio na pa kwenda isipokuwa kwenye kapasita, na volti inaruka juu. Kontrola hata iwe hodari namna gani haiwezi kushinda V ÷ L.

Hasara ya pili ni shaba. Kwa kiini cha ukubwa ule ule, µH nyingi ni raundi nyingi, waya mwembamba, ukinzani mkubwa. Ampea 2 kwenye ukinzani wa 0.05 Ω ni wati 0.2. Kwenye 0.3 Ω ni wati 1.2, joto la kutosha kuchoma kidole.

---

Fundi_Rada:

Asante kwa uzi huu, nilikuwa nautafuta. Nina bodi ya kushusha hapa mezani, 12 V kwenda 5 V, iliyoletwa ikiwa imeshabadilishwa koili na mtu mwingine. Iliyowekwa inasomeka 22 µH kwenye mita ya LCR (ya kupimia koili na kapasita), sawa na maandishi ya bodi. Bila mzigo inafanya kazi safi. Ikifika ampea 1 bado ni sawa. Ikikaribia ampea 2 mosfeti inachemka haraka mno, na koili yenyewe ina joto la kawaida tu. Kwa mantiki ya hapo juu 22 µH ni 22 µH, sasa tofauti iko wapi?

---

Neema_Saketi:

Naomba nijibu hili, ndilo eneo nililohangaika nalo kazini kwa muda mrefu.

Mita ya LCR inapima koili kwa mkondo mdogo sana, milliampea chache. Inakuambia L ya koili iliyolala. Haikuambii chochote kuhusu L ikiwa imebeba ampea 2.4.

Kiini kinabeba usumaku hadi kiwango fulani, kisha kinashiba. Ferraiti nyingi za nguvu (kauri ya sumaku inayotumika kama kiini) hushiba karibu na tesla 0.5 kwenye 25 °C, na kiwango hicho hushuka hadi karibu 0.4 kwenye 100 °C. Kikishashiba, kiini ni kama hakipo: L inaporomoka, na koili inaanza kufanana na kipande cha waya. Rudi sasa kwenye V ÷ L. Volti ni zile zile 7, L imeanguka, kwa hiyo mkondo unachomoka juu kwa kasi mara kadhaa kabla swichi haijazima. Anayeumia ni mosfeti, ndiyo maana koili yako haina joto la kutisha.

Kibaya zaidi ni kwamba ferraiti ikipata moto inashiba mapema. Inashiba, mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, inashiba mapema zaidi. Bodi inaweza kufanya kazi dakika kumi asubuhi na kufa mchana kwa mzigo ule ule.

Viini vya unga wa chuma havianguki kwa ghafla hivyo. L yake inapungua polepole kadiri mkondo unavyopanda, hivyo vinasamehe zaidi, ila vingi hupoteza nishati zaidi masafa yakiwa juu.

Kwenye datashiti ya koili kuna mikondo miwili na watu huisoma kama mmoja. Isat ni mkondo ambao L imeshuka kwa kiasi alichochagua mtengenezaji, mara nyingi asilimia 20 au 30. Irms ni mkondo unaopandisha joto la koili kwa kiasi fulani, mara nyingi nyuzi 40. Isat linganisha na *kilele*, Irms linganisha na mkondo wa mfululizo. Kwa mfano wa mkuu hapo juu kilele ni 2.44, na bado kuna wakati wa kuwasha na wakati wa shoti ambapo mkondo hufika kikomo cha chipu. LM2596 imekadiriwa ampea 3 na kikomo chake cha mkondo kiko juu ya hapo. Mimi huchagua Isat kwa kutazama kikomo cha chipu, si mzigo.

---

Sumaku_Tuli:

Naongezea kwa wanaozungusha koili wenyewe. Mtu akiona koili inashiba, silika yake ni kuongeza raundi. Hapo anazidisha tatizo.

L hukua kwa mraba wa raundi: zidisha raundi mara 2, L inakuwa mara 4. Lakini msongamano wa usumaku ndani ya kiini ni L × I ÷ (raundi × eneo la kiini). L ikiwa mara 4 na raundi mara 2, usumaku kwa mkondo ule ule umekuwa mara 2. Yaani mkondo wa kushiba umegawanyika nusu! Mawimbi yamepungua, kweli, lakini wastani wa mkondo unaamuliwa na mzigo, haujapungua, na wastani ndio unaokishibisha kiini.

Dawa ni kiini kikubwa zaidi au pengo la hewa. Pengo linapunguza L kwa raundi zile zile, lakini linaruhusu mkondo mkubwa zaidi kabla ya kushiba, kisha unarudisha L kwa kuongeza raundi. Na hili nalipenda sana: nishati yenyewe inakaa zaidi kwenye pengo kuliko kwenye ferraiti. Chukua kiini chenye njia ya usumaku ya milimita 50 na upenyevu wa 2000 (kinapitisha usumaku mara 2000 kuliko hewa), chenye pengo la nusu milimita. Ferraiti yote hiyo ni sawa na hewa ya milimita 50 ÷ 2000, yaani 0.025. Pengo ni 0.5. Nishati iliyo kwenye pengo ni mara 20 ya ile ya kwenye ferraiti. Ferraiti kazi yake kubwa ni kuuongoza usumaku ufike kwenye pengo.

Ndiyo maana toroidi ya ferraiti isiyo na pengo, ile ya kuchujia kelele kwenye nyaya, haifai kuwa koili ya konveta. Inasoma µH nyingi za kuvutia kwa raundi chache, na inashiba kwa mkondo mdogo sana.

---

Volti_Juu:

Mnazungumzia kushusha tu. Mimi ninapandisha, 5 V kwenda 12 V, mzigo ampea 1. Nimechagua koili ya Isat ampea 1.5 nikiwa na akiba ya nusu ampea. Iko sawa?

---

Mkondo_Mnyoofu:

Haiko sawa mkuu, usiwashe kwanza.

Kwenye kupandisha, koili iko upande wa kuingia. Swichi inapowaka inaibana koili kati ya 5 V na ardhi: volti 5 juu ya koili, mkondo unapanda, na mzigo wakati huo unalishwa na kapasita peke yake. Swichi inapozima, koili inapandisha volti ya mguu wake hadi dayodi ifunguke kuelekea 12 V: juu ya koili kuna volti 7 kinyume, mkondo unashuka. Muda wa kuwaka sasa ni sehemu 7/12 ya mzunguko.

Mzigo wako ni 12 V × 1 A = wati 12. Wati hizo zinaingia kwa 5 V, kwa hiyo wastani wa mkondo wa koili ni ampea 2.4 hata bila upotevu wowote. Ukiweka ufanisi wa asilimia 90, ni 2.67. Ongeza nusu ya mawimbi, kwa 22 µH na 150 kHz ni 0.44, kilele kinapita ampea 3. Koili ya 1.5 itashiba kabla haijafika hata wastani.

Umeona namba zimejirudia? 5 V kwa mikrosekunde 3.89, 7 V kwa 2.78, mawimbi 0.88. Ni saketi ile ile imesomwa kutoka upande wa pili. Kushusha na kupandisha, koili daima inabeba mkondo wa upande wenye volti ndogo. Shika hilo na hutachagua koili ya kupandisha kwa mkondo wa kutokea tena.

---

Kapasita_Kavu:

Swali lingine wakuu. Konveta yangu ya kushusha ikiwa na mzigo mdogo, oskiloskopu kwenye nodi ya swichi inaonyesha mtetemo fulani unaofifia kila mzunguko, baada ya dayodi kumaliza. Mzigo ukipanda unapotea. Ni dalili ya koili mbovu?

---

Neema_Saketi:

Hapana, koili yako ni nzima. Mawimbi yakiwa 0.88 na mzigo ukashuka chini ya nusu yake, yaani 0.44, bonde la mkondo linagusa sifuri kabla mzunguko haujaisha. Dayodi hairuhusu mkondo urudi nyuma, inafunga. Sasa nodi ya swichi haijashikwa na mtu: mosfeti imezima, dayodi imezima. Inayobaki ni koili pamoja na kapasita ndogo za ndani ya mosfeti na dayodi, na hizo mbili zinatetema. 22 µH na pikofaradi 200 hutoa karibu 2.4 MHz. Utaona mtetemo unazunguka volti ya kutokea, 5 V, na kufifia.

Katika hali hiyo ile fomula ya D haisimami tena, kwa sababu kuna kipande cha tatu cha mzunguko ambapo mkondo ni sifuri. Kontrola inapunguza muda wa kuwaka yenyewe. Kwenye konveta zenye mosfeti ya chini badala ya dayodi, mkondo unaweza kuruhusiwa kwenda hasi na mtetemo huo usionekane kabisa.

Usiuchanganye na ule mtetemo mkali wa makumi au mamia ya megahezi pale pale swichi inapowaka au kuzima. Huo unatokana na urefu wa njia za shaba kati ya kapasita ya kuingia, mosfeti na dayodi, na ndio wa kushughulikia. Sogeza kapasita ya kuingia karibu kabisa.

---

Fundi_Rada:

Nirudi kwenye bodi yangu. Koili hii haina maandishi yoyote zaidi ya 220 (yaani 22 bila sifuri ya kuongeza, 22 µH). Kuna namna ya kuipima Isat bila datashiti?

---

Sumaku_Tuli:

Ipo, na haihitaji kifaa cha ajabu. Chukua kapasita kubwa, 1000 µF au zaidi, ichaji kwa 12 V. Unganisha koili kutoka 12 V hadi dreni ya mosfeti, sosi ya mosfeti iende ardhini kupitia rezista ya 0.1 Ω. Usitumie rezista ya waya wa kuzungushwa, nayo ni koili. Weka dayodi ya kasi sambamba na koili ili mkondo upate njia mosfeti inapozima. Hii dayodi usiisahau, bila hiyo koili itapandisha volti hadi mosfeti itoboke.

Kisha piga pigo moja fupi kwenye geti, anza na mikrosekunde 3, ongeza taratibu, ukiacha nafasi ndefu kati ya pigo na pigo ili kitu kisichemke. Probu iwe kwenye rezista: milivolti 100 ni ampea 1. Kwa 22 µH mstari unapanda ampea 0.545 kila mikrosekunde. Ukiwa umenyooka, L iko. Pale unapoanza kujipinda kuelekea juu ndipo kushiba kunapoanza. Fanya mara moja koili ikiwa baridi, kisha ipashe moto kwa hewa ya moto hadi karibu 80 °C na urudie.

---

Fundi_Rada:

Nimepima. Ikiwa baridi mstari umenyooka hadi karibu ampea 1.4, kisha unapaa. Ikiwa ya moto unaanza kujipinda kwenye 1.1. Bodi inataka kilele cha 2.4, kumbe kila mzunguko mosfeti ilikuwa inamalizia kazi kwenye kipande cha waya. Nimeitoa, naagiza ya 33 µH yenye Isat ya ampea 5. Mosfeti nayo nabadilisha, siiamini tena baada ya joto lile.

---

Neema_Saketi:

Badilisha. Na ukiwasha mara ya kwanza, usianze na mzigo kamili. Weka kitanzi kifupi cha waya mfululizo na koili, kama una probu ya mkondo, utazame pembe tatu za mkondo wakati unapandisha mzigo polepole hadi ampea 2. Ncha za juu zikibaki zimenyooka baada ya nusu saa ya moto, ifunge.